Kufuli la Mto Isanga

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kikao pale Lagangabilili, katika moja ya zile ofisi mpya ambazo rangi yake bado inanukia. Mtaalamu wa maji, kijana nadhifu mwenye kompyuta na kijiti cha taa nyekundu, alituonyesha ukutani ramani ya mto Simiyu. Mto wenyewe ulichorwa kwa bluu nzito, na vijito vyote vinavyoulisha vilichorwa kwa bluu nyembamba, vimetapakaa kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kati ya kijito na kijito kulikuwa na mstari mwekundu. Akatueleza kwamba mstari ule ndio mgongo wa ardhi unaogawa maji: tone la mvua likianguka upande huu linakwenda kijito hiki, likianguka hatua moja pembeni linakwenda kijito kingine kabisa. Mpaka huu, akasema, hauwekwi na serikali wala hauhamishwi na mwanadamu. Kisha taa yake ikafika mahali ambapo mstari unajikunja ghafla, akasema kwamba hapo kuna mkunjo ambao wataalamu bado hawajaupatia maelezo.

Nilicheka. Tena sikucheka kicheko cha kikao, nilicheka hadi mama aliyekaa jirani yangu akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa na sambusa. Mkunjo ule naufahamu. Mkunjo ule ni nyumbani kwetu, na aliyeuweka ni bibi yangu, kwa jembe la mkono, kwa siku nne, kwa sababu ya hasira.

Ngoja nikusimulie, maana najua huna haraka.

Nyumba ya bibi ilikuwa juu ya mgongo wenyewe, kando ya mwamba bapa mkubwa ambao tulianikia mtama na michembe, vipande vya viazi vitamu vibichi. Upande wa machweo kulikuwa na kijito cha Isanga, upande wa mawio kijito cha Nyashimba. Vyote viwili vilikwenda kuumwagia Simiyu maji, kila kimoja kwa njia yake, na sisi tuliishi katikati tukivitazama. Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, mwenye sauti ya kufukuzia ndege mashambani, na hakuwa na desturi ya kushindwa.

Isanga haukuwa mto wa kujivunia. Wakati wa mvua ulikuja kwa kishindo siku mbili tatu kisha ukatulia. Kiangazi ulikuwa mchanga mweupe mtupu, mpana na laini, kiasi kwamba mgeni angedhani ni barabara. Na kweli madereva wa malori walidhani hivyo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wewe uliyekuwepo unaikumbuka, ambapo ghafla maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagika minadani, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuja na malori yao kutoka mijini. Dereva mgeni akifika ukingoni mwa Isanga anaona njia safi isiyo na mashimo, anakata kona, anaingia mtoni, na baada ya hatua hamsini lori limezama hadi kwenye ekseli. Sisi watoto tulikuwa tumeshakaa kwenye kivuli tukisubiri kusukuma. Tulilipwa tisheti za matangazo, na mimi nilikuwa na moja iliyonifika magotini.

Lakini chini ya mchanga ule kulikuwa na maji. Kila kaya ilichimba kisima chake mchangani, na cha bibi kilikuwa kwenye kona ya mto, chini kidogo ya korongo lililoteremka kutoka kwenye mwamba wetu. Alikuwa amekichimba kila kiangazi tangu alipoolewa. Alichimba hadi mchanga ulipoanza kulia chini ya jembe, akatumbukiza pipa lisilo na kitako ili kingo zisibomoke, akangoja. Maji yalipanda polepole, baridi, matamu, kidogo yakinukia mizizi. Alizungushia miiba michache ili ng'ombe wasikanyage, na juu ya pipa akaacha kata ya kibuyu. Kata ile ndiyo ilikuwa sheria yote. Kisima kiliitwa cha bibi kwa sababu yeye ndiye aliyekichimba, ila maji yalikuwa ya mwenye kiu, na mpita njia alikunywa akarudisha kata mahali pake.

Sasa tuje kwa jirani. Jirani yetu alikuwa karani wa ghala la pamba la ushirika. Miaka mingi yeye ndiye aliyefungua ghala asubuhi na kulifunga jioni, na watu walipanga foleni mbele yake na robota zao wakimwita baba hata waliomzidi umri. Wanunuzi binafsi walipokuja, ghala likabaki tupu, popo wakahamia, na karani akarudi nyumbani na vitu viwili: redio yake, na kufuli la ghala, kufuli zito la shaba linalotosha kufungia benki. Redio aliining'iniza begani kutwa nzima. Betri zikichoka alizianika juu ya bati zipate jua, kisha akazirudisha na kuendelea kusikiliza habari za ubinafsishaji.

Siku moja alisikia redioni kwamba vitu vilivyokuwa vya wote vitakabidhiwa kwa watu binafsi ili vitunzwe vizuri. Aliyatafakari maneno hayo siku mbili. Alipotazama huku na huku, kitu cha wote kilichokuwa karibu naye kilikuwa kimoja tu. Kisima cha bibi kilitazamana na shamba lake la pamba.

Tulipokwenda kuchota asubuhi ya siku ya tatu, tulikuta uzio wa miiba ya mgunga umezunguka kisima, mnene kama boma la ng'ombe. Mlango ulikuwa wa bati, na juu ya mlango lilining'inia lile kufuli. Karani alikaa pembeni kwenye kigoda, kavaa kofia yake ya kazini, redio ikiimba.

"Mwadila, baba," bibi akamsalimu. Hasira iwepo isiwepo, salamu ilikuwa lazima.

"Mwadila, mayu," akaitika, akimwita mama kwa Kisukuma. "Yai liko wapi?"

"Yai gani?"

"La kisima. Kila kaya yai moja kwa siku. Ninafungua asubuhi, jua likifika utosini ninafunga."

"Kisima hiki nimekichimba mimi. Na wewe nimekunywesha hapa hapa, ukichunga ndama, makamasi yanakutoka."

"Hayo ya zamani, mayu. Sasa ni soko huria."

Bibi alilitazama lile kufuli kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nigeuze ndoo, tunaondoka. Akaapa mbele ya waliokuwepo kwamba hatatoa yai chini ya kuku wake kununua maji yake mwenyewe, na kwamba kisima chake atakipata.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema ila hakuwa na uhakika kama mito nayo imebinafsishwa, na hakutaka kuonekana amepitwa na wakati. Akaandika barua kuuliza kata, kata ikasemekana imeandika kuuliza juu zaidi, na nadhani barua ile bado iko njiani. Watu wengine walilipa. Ukipita asubuhi ungewaona akina mama kwenye foleni, kila mmoja na ndoo kichwani na yai mkononi, wakitembea kwa uangalifu kama maharusi. Mmoja alipeleka yai la kanga, karani akalikataa. Mwingine alipeleka yai viza, likapasuka mfukoni mwa karani, na siku hiyo kisima kilifungwa mapema.

Sisi tulichota Nyashimba. Huko kulikuwa mbali, tena maji yake yalikuwa na magadi, ukipikia chai inakuwa kama umeosha chungu ndani yake. Bibi aliyanywa kwa kiburi, akisema yana nguvu. Aliyeyabeba ni mimi, na shingo yangu haikuwa na kiburi chochote. Niliomba kila siku kabla ya kulala kwamba bibi apate kisima chake.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wa jiografia alikuwa kijana mgeni, mwenye bidii ya kututia hofu. Siku moja alitutoa darasani, akatupandisha hadi kwenye mgongo wetu, akasimama kando ya mwamba wa bibi na ndoo ya maji ya shule, yale tuliyoyabeba sisi wenyewe asubuhi. Halafu akaimwaga yote chini. Darasa zima liliguna. Kumwaga ndoo ya maji Septemba! Wapo waliodhani amerukwa na akili. Lakini maji yale, kabla hayajanywewa na ardhi, yaligawanyika: nusu yakateremka kuelekea Isanga, nusu yakaelekea Nyashimba. Mwalimu akasema, mnaona? Mto hauanzii mtoni. Unaanzia hapa mliposimama.

Jioni nilimsimulia bibi yote. Alikuwa amekaa chini anamenya karanga, na kuku wanamzengea. Nikamweleza kwamba Isanga na Nyashimba vinaingia Simiyu, Simiyu unaingia Ziwa Victoria, na kutoka ziwani kuna mto mkubwa unaokwenda hadi Misri. Hapo aliacha kumenya. Misri aliijua kwa habari za kanisani, na hakuipenda.

"Kumbe miaka yote hii tunawanywesha wale," akasema.

 Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo ningepaswa kuiogopa, "Na maji ya kule kwa karani? Yanatoka hapa kwangu?"

"Mwalimu amesema mvua ikinyesha kwenye mwamba wetu inashuka na lile korongo hadi pale kwenye kisima."

"Mwalimu amesema," akarudia bibi, na akanipa karanga viganja viwili bila mimi kuomba.

Asubuhi nilimkuta na jembe nyuma ya mwamba. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kama karani amefunga mto, yeye atafunga mvua. Angechimba mtaro kukatisha kichwa cha korongo, apandishe tuta, na maji yote ya mwamba yageukie Nyashimba. Karani abaki na uzio wake, kufuli lake, na mchanga mkavu ndani. Siku ya kwanza tulichimba wawili. Ardhi ilikuwa ngumu kama tofali, na hadi jioni tulikuwa na shimo la kuzikia mbuzi, tena mbuzi mdogo.

Siku ya pili alipita kijana mmoja na ng'ombe wake, akasimama.

"Mayu, unatafuta nini hapo?"

"Changu," bibi akajibu bila kuinua kichwa.

Neno hilo moja lilitosha. Kwetu mtu akichimba mahali pasipo shamba wala kaburi, anatafuta mali za Wajerumani. Kila mtoto alijua kwamba Wajerumani walipokimbia walizika masanduku, ila hakuna aliyejua walizika wapi, na sasa bibi, mwenye mwamba wake, anasema anatafuta chake! Siku ya tatu asubuhi tulikuta watu ishirini na majembe yao. Hakuna aliyeuliza wala kueleza. Walisalimia kwa adabu nyingi, wakaanza kuchimba mahali bibi alipoelekeza.

"Huku," bibi alisema, "nyooka hivi hadi kule. Na udongo mtupie upande huu."

Nao wakanyoosha. Alasiri ile nilimwona mtu aliyenifanya nidondoshe ndoo. Karani mwenyewe alikuja, redio begani, jembe mkononi. Kuchimba dhahabu hakukuhusiana na ugomvi wa kisima, nadhani alijiambia hivyo. Akavua kofia, akaingia mtaroni, na nakwambia hakuna aliyechimba kama yeye. Alichimba kama anafukuzwa. Bibi akamletea uji wa ulezi kwa mkono wake mwenyewe, akasimama kumtazama akinywa, na usoni kwake kulikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona tangu kisima kifungwe.

Hadi jioni ya siku ya nne mtaro ulikuwa umekamilika, mrefu, wa kina cha kiuno, na tuta lake limeshindiliwa na miguu ya watu ishirini. Kilichopatikana ni kipande cha jembe la kizamani na gamba la kobe. Watu wakaenda nyumbani wakisema masanduku yamehamishwa na majini. Karani alilichukua lile gamba.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, kutoka upande wa Serengeti, na harufu yake ilitangulia. Bibi alitoa kigoda akakaa mlangoni kama aliyekuja kwenye ngoma. Maji yalimiminika kutoka kwenye mwamba, mekundu, yakakimbilia korongo lao la siku zote, yakagonga tuta. Yakazunguka kidogo, kama yanashauriana. Kisha yakageuka, yote, yakateremka Nyashimba. Bibi alipiga vigelegele mvuani peke yake, na mimi nikapiga naye ingawa hatukuwa na harusi.

Sasa sikia alichosahau. Kila mwaka mafuriko ya kwanza ya Isanga yaliondoka na kila kitu kilichokuwa mtoni: miiba, magogo, mapipa, mwaka mmoja hata trela la trekta. Visima vyote vilifukiwa, na watu walianza upya kiangazi kilichofuata. Uzio wa karani haukuwa na maisha zaidi ya mvua moja. Bibi angeuacha mto ufanye kazi yake, kufuli lile lingeshakuwa njiani kwenda Misri. Lakini mwaka ule, kwa sababu ya mtaro, maji ya Isanga kwenye ile kona yalikuja ya magotini, yamechoka, yana povu. Yakapita pembeni ya uzio kwa heshima. Nilikwenda na bibi kutazama. Alisimama ukingoni, analitazama kufuli, na kufuli linamtazama. 

Mvua zikapita. Pamba ikavunwa, malori yakaja yakazama tena, na kiangazi kikaanza kunyemelea. Uzio ulikuwa umesimama vile vile, na bibi alishaanza kuwatazama kuku wake kwa mashaka. Ndipo asubuhi moja karani akaingia uani kwetu. Hakuwa na redio. Alikuwa na kikapu kikubwa kichwani, akakitua mbele ya bibi, akavua kofia.

"Mwadila, mayu."

Bibi alikuwa anamenya karanga. "Mwadila," akaitika, bila baba.

"Mayu, nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Maji. Nina majaruba ya mpunga kule Nyashimba, kwa shemeji zangu. Yalikuwa yanakauka kila mwaka. Mwaka huu, kwa ule mtaro wako, yamejaa. Nikaona si vizuri nile peke yangu." Akafunua kikapu. Kilikuwa kimejaa mchele mweupe.

 Mdomo wa bibi ulikuwa wazi na karanga ilikuwa kati ya vidole, imekwama njiani. Sisi hatukujua karani ana majaruba Nyashimba. Tusingejua, kwa sababu shemeji zake walikaa mbali na hatukuwa na shughuli huko. Nikaona yote yakimpita machoni: siku nne za jembe, tuta, vigelegele. Halafu karanga ikaendelea na safari yake. Akaitafuna polepole, akaimeza.

"Sasa ulidhani nilikuwa namchimbia nani?" akasema.

Karani akainamisha kichwa. "Ndiyo maana nimeona aibu, mayu. Mimi nimekufungia kisima, wewe unanipa maji. Naomba mtaro ubaki. Na mimi ule uzio niutoe."

"Utautoa lini?"

"Hata sasa hivi."

Tuliteremka mtoni sote watatu. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ufunguo ukaingia ukakataa kuzunguka, basi karani akaanza kuung'oa uzio kwa nyuma. Akaung'oa wote, miiba ikimchana mikono, hadi ukabaki mlango wa bati peke yake katikati ya mto, umefungwa vizuri. Kisha akachukua jembe akachimba kisima, huku bibi amesimama juu yake akimwelekeza: si hapo, sogea, si hapo pia. Maji yalipopanda, bibi akanywa wa kwanza, akampa kata.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Alisonga ugali wa mchana kwa nguvu hadi chungu kikahama mafigani.

"Nimemlimia karani," akasema, mwiko hewani. "Mimi. Kwa jembe langu mwenyewe. Nimemlimia mpunga."

Nikamwambia kwamba si kitu, kisima tumekipata.

"Nimekipata kwa kushindwa," akasema. "Ng'wana wane, mwanangu, usimwambie mtu." Akanipa matobolwa sahani nzima, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vinavyonata menoni kama pipi, nami nikaapa. Mchele aliapa hataugusa. Siku ya tatu akaupika kwa samli, akala sahani mbili, akisema anachukua sehemu ya maji yake.

Basi habari zikaenea zenyewe, kwa mdomo wa karani. Kwamba mama yule alifungiwa kisima, naye badala ya kugombana akamchimbia adui yake mtaro hadi adui akaona aibu. Bibi akawa mtu mashuhuri. Watu walitoka hadi Lalago na Shishiyu kumletea ugomvi wa mipaka na wa mahari. Mchungaji alimtaja kuwa mfano madhabahuni. Yeye alisikiliza sifa zote macho chini, akakohoa kidogo kwa unyenyekevu, kisha akanitupia jicho la pembeni kunikumbusha matobolwa. Sikusema kamwe. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikarudi likizo baada ya likizo, na kila nilipofika alihakikisha kwanza kwamba siri iko salama ndipo akauliza habari za watoto.

Alipofariki, nyumba haikutosha watu. Siku ya tatu ya matanga karani alisimama, mzee sasa, anaegemea fimbo, akawasimulia waombolezaji habari ya mtaro. Alisimulia vizuri. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nyuma na wapishi, nimeuma upindo wa kanga.

Baadaye alikuja akakaa karibu nami, kwenye ule mwamba.

"Wewe ulikuwepo siku ile ya mchele," akasema.

"Nilikuwepo, guku," nikajibu, maana sasa alikuwa babu wa wote.

"Alikuwa anajua habari za majaruba yangu?"

Nilimtazama usoni bila kupepesa. "Alijua."

Akacheka, hana meno. "Hakujua. Nilimwona. Ile karanga ilimkwama hapa." Akainua vidole viwili mbele ya mdomo. Kisha kicheko kikaisha. "Na mimi niliwadanganya, mjukuu wangu. Majaruba hayakujaa. Yalibebwa. Maji ya mtaro wenu yalishuka ile mvua ya kwanza yakaondoka na kingo, na miche, na udongo, mpaka kibanda cha kulindia ndege. Sikuvuna hata kisahani. Na ule mtaro niliuchimba kwa mikono hii, natafuta sanduku la Wajerumani."

"Na mchele?"

"Niliununua Bariadi, sokoni."

Nilimuuliza kwa nini. Alichora mwambani kwa fimbo yake.

"Kazi yangu ilikuwa imekufa," akasema. "Nikawa natafuta kitu cha kufungua na kufunga. Lakini tangu nilipofunga kile kisima watu walinisalimia mdomoni tu. Nikataka kutoa uzio, nikashindwa namna ya kuutoa. Maji yalipobeba majaruba, nikajua mayu ameniweza. Sasa ningesema nini? Nikaona heri nimshukuru."

"Mbona hukumwambia, guku? Miaka yote hii?"

"Angejua ameniweza," akasema. Kisha akaongeza, "Kila kiangazi nilisema mwaka huu nitamwambia. Tungecheka sana na mayu."

Karani naye amekwishamfuata bibi. Isanga wenyewe hauna mchanga tena, malori yaliyokuwa yanazama humo yamejifunza kuingia na kutoka, yameubeba wote kwenda kujengea, na mahali pa kisima pamebaki miamba na dimbwi la chura. Kijijini kila nyumba ina bomba lake na kila bomba lina mita yake, wala hakuna anayeacha kata juu ya kitu chochote. Mimi mwenyewe nina bomba uani, na ni kweli halinichoshi shingo, kwa hiyo sitaki kujifanya nalilia kila kitu cha zamani.

Ninachokililia ni kimoja. Nilimtunzia bibi siri ya kushindwa kwake miaka yote ile, hadi kaburini, kwa uaminifu, kwa sahani moja ya matobolwa. Kumbe alikuwa ameshinda. Nilikaa pale mwambani siku ile nikitaka kukimbia kumwambia, na kilima cha udongo wake kilikuwa bado kibichi, hatua ishirini tu kutoka nilipokaa.